Mstari Uliopinda wa Mama Yako

Akinyi mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako sokoni, ukaniachia nyumba na paka. Nimeketi mezani karibu na mlango ili nipate mwanga. Mvua ya mchana imepita, mabati yanadondosha matone yake ya mwisho, na mji wetu wote wa Suna umenyamaza. Pikipiki zimesimama chini ya vibaraza, na watu wanamsubiri mtu wa kwanza athubutu kukanyaga tope. Nimeona huu ndio wakati mzuri wa kumwandikia mtu anayeondoka kesho.

Sitakuandikia habari za gesi, wala za kufunga mlango, wala za watu wa boda wanaokimbiza pikipiki kama wamechokozwa na nyuki. Hayo shangazi yako amekuimbia wiki nzima. Kazi ya kupima samaki umeisomea, na Homa Bay unaijua kuliko mimi. Tena si mbali, mtu akitoka hapa asubuhi anafika kabla njaa haijamuuma. Lakini nimeishi vya kutosha kujua kwamba umbali haupimwi kwa barabara. Wako watoto walioko ng'ambo na wanarudi kila mwaka, na wako walioko hapo Rongo tu, ambao wazazi wao huwaona kwenye matanga. Hofu yangu ni hiyo na ninaisema wazi. Naogopa ukitoka kesho hutarudi ila kuzika mtu.

Sababu tunaijua sote wawili, ingawa hatujaitaja tangu siku ile uliponifokea. Ni kile kitambaa cha kiti cha mama yako pale dirishani. Unapita kando yake kama mtu anayempita mbwa asiyemjua, na kiti chenyewe hujakikalia tena. Nami nimenyamaza, kwa sababu kunyamaza ni kazi ambayo wanaume wa kwetu huifanya vizuri bila kufundishwa.

Wacha nianze na yeye mwenyewe. Nyar Kendu, binti wa Kendu. Ndivyo kila mtu hapa alivyomwita, hata mimi, hata siku ambazo tulikuwa tumenuniana. Alikuja kwangu kutoka Kendu Bay na sanduku la bati, na ndani ya sanduku hilo nguo zilikuwa chache kuliko nyuzi. Jioni, vyombo vikishaoshwa, alikibana kitambaa cheupe kwenye lile duara lake la mbao, akafungua redio kwa sauti ya chini, akaanza kudarizi. Wanawake wengine walidarizi mawaridi, njiwa na maneno ya kukaribisha wageni. Mama yako alidarizi gugu maji. Gugu maji, Akinyi! Lile jani linaloziba ziwa hadi mashua zinashindwa kutoka, ambalo wavuvi wa kwao wakilitaja hutema mate.

"Nyar Kendu," nikamwambia, "mtu gani anapamba viti na magugu?"

"Umewahi kuliangalia ua lake?" akaniuliza bila kuinua macho.

Sikuwa nimewahi.

"Basi ngoja nimalize, uangalie."

Nikaangalia. Zambarau iliyofifia, na kwenye petali ya juu doa dogo la njano, kama jicho linaloamka. Viti vya nyumba hii vikavaa maua hayo kimoja baada ya kingine. Wewe ulikuwa ukilala kwenye kochi refu, na ukiamka shavu lako lilikuwa limechapwa maua, mama yako akitukataza kukuosha uso mpaka yafutike yenyewe. Hadi leo nikisinzia alasiri huota nyumba yetu inaelea. Viti vyote vimechanua, maji yanapita chini ya meza bila kulowesha kitu, na mama yako yuko mbele anavuta kamba polepole ili atufikishe ufukoni bila kutuamsha. Huwa sitaki kuamka kutoka kwenye ndoto hiyo. Paka ndiye huniamsha.

Kitambaa cha kiti chake mwenyewe alikiacha cha mwisho, kama alivyozoea kujipakulia chakula mwisho. Alikibeba hadi hospitalini. Maua yalikuwa yamekamilika, na kilichobaki kilikuwa ni mstari wa maji chini yake, uzi wa bluu kutoka upindo hadi upindo. Aliushona akiwa ameegemea mito. Hakuufikisha mwisho. Tulirudi nyumbani na kitambaa, sindano ikiwa bado imechomekwa pale alipoishia.

Sasa, mimi unanijua. Maisha yangu yote nimetibu mifugo ya watu, kutoka hapa mpaka kule karibu na mpaka wa Tanzania. Nimeshona ng'ombe waliochanwa na seng'enge, na fahali waliopasuana kwa pembe. Elimu yangu nzima unaweza kuiandika kwenye kiganja: kidonda kikiachwa wazi, kitaingia funza. Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka na wewe ukarudi chuoni, nilibaki na kitambaa kile kilicho wazi. Kila nilipopita sebuleni ile sindano iliniangalia. Nikasema, hapana, hiki lazima kifungwe.

Ndipo nikaenda kwa Peres. Unamjua, yule mama mkubwa aliyekuwa mpishi wa shule, miwani yake ameifunga kwa uzi wa sufu. Jumapili alasiri barazani kwake huwa kuna wanawake wanaoshona. Si fundi wa cherehani hata mmoja, na hawauzi kitu. Wanashona tu kwa sababu wanapenda. Nilisimama langoni na mfuko wa plastiki kwapani, nikiomba watu wa steji ya boda wasigeuze shingo. Wakageuza, bila shaka.

Barazani pale wana desturi. Mgeni hajibanzi pembeni akinywa chai. Anajitambulisha kwanza: jina lake, anashona nini, na ni nani aliyemtia sindano mkononi. Kisha anaitoa kazi yake, inapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja anaigusa na kuigeuza upande wa nyuma, bila kusema neno. Ikishazunguka ndipo Peres husema lake.

"Haya, Daktari," Peres akaniambia. "Si ujitambulishe?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeshika kofia kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Mimi mnanijua," nikasema. "Nashona ng'ombe."

"Na nani alikufundisha?"

"Serikali."

Walicheka, Akinyi. Peres alicheka hadi miwani ikamwangukia mapajani. Mmoja wao, Robi, Mkuria wa upande wa Isebania, akaninyooshea kidole. "Huyu! Huyu alishona ng'ombe yangu. Ilipona, siwezi sema uongo. Lakini ilibaki kama gunia."

Baada ya kicheko wakajitambulisha na wao, kwa ajili yangu, ingawa wenyewe wanajuana miaka. Nakumbuka sauti zao kuliko majina. Robi akasema, "Mimi nashona foronya. Shanga nilifundishwa na nyanya yangu, uzi nikajifundisha. Niko na foronya mingi kushinda vichwa. Lakini nikikaa hivi bila kushona, mkono inachukua simu inapigia kijana yangu, na yeye ameniambia, mathe, punguza." Akafuata Mwalimu Caro, ambaye hununua masweta makuukuu ya mitumba, akayafumua apate sufu, akafuma kofia za watoto wachanga. "Watoto wa nani?" nikamuuliza. "Sijui," akasema. "Wale watazaliwa." Peres yeye hufuma vitambaa vya viti kwa kulabu, akifika mwisho wa uzi anaanza kingine, na nusu ya sebule za Suna zimekalia mikono yake.

Nilipowasikiliza nilijiona nimekaa kwenye chumba ambacho mama yako alikuwa ameishi ndani yake miaka yote nami nikipita nje ya dirisha. Sikuwahi kumuuliza ni nani aliyemtia sindano mkononi. Nilijua uzito wa kila ndama wa kila jirani, na hilo sikulijua.

Kitambaa cha mama yako kilipozunguka, hakuna aliyecheka. Walipofika kwenye mstari wa bluu vidole vyao vilipunguza mwendo. Peres akakirudisha kwangu kwa mikono miwili. "Tutakufundisha," akasema. "Utashona kwa kitambaa ingine. Na sheria ya hapa ni moja tu. Hatufumui kazi ya mwenzetu. Hata kama amekosea namna gani. Mshono iko na mwenyewe."

Nikatikisa kichwa kama mbuzi aliyeonyeshwa chumvi. Sikudhani sheria hiyo inanihusu. Mwenye mshono alikuwa mke wangu, na cha mke wangu, nilijiambia, ni changu.

Jumapili zile zilikuwa tamu, na sioni haya kukuambia. Jua likiingia barazani kwa pembe, kila mtu kichwa chini, mazungumzo yakija na kupotea kama usingizi wa mgonjwa anayepata nafuu. Mtu anaanza hadithi, uzi unamkwama, hadithi inasimama, na hakuna anayemharakisha. Nilijifunza kutoboa kitambaa bila kukitoboa kidole. Nilijifunza kunyoosha mstari. Na mtu aliyejifunza kitu jana ni hatari leo.

Asubuhi moja nilikitandaza kitambaa cha mama yako mezani, hapa hapa ninapoandika. Nikautazama mstari wake wa maji. Ulianza vizuri, umenyooka, kisha ukaanza kutetemeka. Mahali fulani ulipanda juu kabisa ukakaribia kuligusa ua. Mbele yake ukashuka, ukalegea, mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mimi, daktari wa ng'ombe, niliona ugonjwa tu. Nikafikiri, Nyar Kendu aliyekuwa akiupiga pasi hata mfuko wa sukari, atapenda wageni wauone mkono wake ukiwa hivi? Nikachukua wembe. Uzi ulitoka kwa urahisi, laini, bila kupinga, nami nikaukusanya na vumbi la meza nikautia jikoni kwenye makaa. Kisha nikashona mstari wangu, kutoka upindo hadi upindo, umenyooka kama uzio wa serikali. Nilijisifu peke yangu, kwa sauti, mbele ya paka.

Ukaja nyumbani likizo. Nilikuwa nimekitandika kitini na nimesimama kando yake, nikingoja sifa.

"Baba, hii maji nani ameshona?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Na ile ya mama?"

"Ilikuwa imepinda. Nimeinyoosha."

Ulikishika upindo. "Imepinda? Baba, mimi nilikuwa hapo kwa kitanda. Mimi ndio nilikuwa namshikia kitambaa. Pale imepanda ni vile alicheka, nilimwambia ile story ya mwalimu wetu na kuku. Pale imeshuka ni dawa ilimshika. Sasa uzi uko wapi?"

Macho yangu yakaenda jikoni yenyewe. Hukuhitaji jibu.

"Wewe unanyoosha kila kitu," ulisema. "Hata mtu akikufa, unamnyoosha."

Ukaingia chumbani. Tangu hapo tumekuwa tukiambiana habari za chumvi na nauli.

Nilikipeleka kitambaa kwa Peres. Kikazunguka. Wote walijua mara moja, maana vidole vilivyopunguza mwendo safari ya kwanza sasa vilipita haraka, havikuwa na pa kusimama. Robi akauma uzi, akaangalia pembeni. Peres ndiye aliyesema. "Daktari, hapa umeshona mahali hapakuwa na kidonda." Nilitamani anitukane.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikumbuka vitu vingine, mwanangu, na havikuja kwa mpangilio. Nilikumbuka ulipoanza kushika kalamu ulikuwa wa mkono wa kushoto. Nilikuwa nikiihamishia mkono wa kulia kila jioni, nawe ukilia bila sauti, mpaka ukakubali. Mwandiko wako mzuri ambao walimu waliusifu ulitoka kwenye machozi hayo. Nilikumbuka uliposema unataka kusomea samaki. Nilikutafutia chuo cha uhasibu, nikakuambia samaki hunuka na hesabu hazinuki. Mama yako alikuwa akishona. Alisema tu, "Mwache, huyo ni wa ziwa," na kwa bahati nzuri siku hiyo nilishindwa. Sikuwa na ubaya moyoni. Niliogopa kila kilichopinda, kwa sababu katika kazi yangu kilichopinda hufa. Lakini wewe hukuwa ndama, wala mama yako hakuwa ndama, na ilibidi kitambaa kinionyeshe hilo. Nisamehe. Nimeliandika neno hilo mara moja tu, ila nimelikalia miezi.

Sasa nikuambie kilichotokea juma hili, maana ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Nilipoona unaanza kupanga nguo kwenye begi, nikakichukua kitambaa nikaufumua mstari wangu mwenyewe. Huo ulikuwa wangu, niliruhusiwa. Nilitaka tu usiondoke ukiacha uzio ule chini ya maua yake. Nikakiinua dirishani nikung'ute nyuzi, jua likapita ndani yake, nikaona matundu. Njia mbili za matundu, Akinyi. Moja imenyooka, ya mjinga. Na nyingine, ndogo zaidi, inaanza vizuri, inatetemeka, inapanda hadi karibu na ua, inashuka. Sindano ya mama yako ilikuwa imeacha nyayo zake zote.

Nilikimbia kwa Peres bila kofia. Akakiinua juani, akaniuliza kama nilikifua. Sikukifua. Kama nilikipiga pasi. Unajua pasi na mimi. "Basi ni bahati," akasema. "Kitambaa ya pamba inasahau ikioshwa. Matundu inafunga." Na kwa nini hakikuoshwa? Kwa sababu hakikuchafuka. Kwa sababu hukukikalia. Hasira yako ndiyo iliyokihifadhi, mwanangu, mimi ningekuwa nimekwisha kukiharibu kwa sabuni.

Nilinunua uzi wa bluu. Nikaanza kupita tundu kwa tundu, mahali alipopita yeye. Nilipofika anapoanza kutetemeka, mkono wangu nao ukatetemeka, haukuwa na njia nyingine. Nilihisi pale alipopumzika. Nilihisi pale alipovuta pumzi ili aendelee. Nilikuwa karibu naye kuliko siku nyingi za ndoa yetu. Kisha, kabla tu ya pale panapopanda, nikasimama. Kicheko kile sikukisikia mimi. Wewe ndiye uliyekuwa umeshika kitambaa. Ningekishona vipi? Nikauchomoa uzi wangu wote, taratibu, safari hii bila wembe, nikayaacha matundu kama alivyoyaacha.

Nimekitundika dirishani ili

Nilikuwa nimefika hapo ulipoingia, viatu mkononi, tope hadi visiginoni. Nimeifunika barua kwa gazeti nikajifanya nasoma. Wewe ulikwenda kufunga dirisha, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza, ukaliona jua la jioni likipita kwenye kitambaa. Ukasimama na mkono hewani.

Sikuinua kichwa, lakini nimeona kila kitu. Uliweka kidole kwenye tundu la kwanza. Kidole cha mkono wa kushoto. Ukaenda nacho polepole, midomo ikicheza kama mtu anayesoma. Pale panapopanda, ulicheka. Kidogo tu, puani. Kisha ukashuka nacho, ukapunguza mwendo, ukafika pale matundu yanapokwisha, na kidole kikakaa hapo mpaka mwanga ukahama.

Ukakitungua. Nilidhani unakipeleka kwenye begi, na nilikuwa tayari nimekubali, ni haki yako. Ukakitandika kwenye kiti cha mama yako, ukaketi, ukaegemeza kichwa.

"Isioshwe, Baba."

"Haitaoshwa."

"Na usishone."

"Sishoni."

Ulikuwa umefumba macho. "Nikikuja mwisho wa mwezi, nataka kuipata tu hivi."

Mwisho wa mwezi, umesema. Nimekusikia.

Baba yako